Macho Mekundu: Safari ya Shinyanga hadi Geita

Ukitaja Shinyanga mbele ya watu wa mikoa mingine, watakumbuka ng'ombe, pamba na almasi za Mwadui, zile alizozigundua Dk. Williamson kutoka Kanada mwaka 1940. Hayo yote ni ya kweli, nasi tunajivunia. Lakini lipo jambo jingine lililotutia aibu kwa miaka mingi, nalo ni mauaji ya vikongwe. Bibi zetu walivamiwa usiku na kukatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi ushahidi wote dhidi yao ulikuwa kwamba macho yao ni mekundu.

Muuguzi yeyote aliyefanya kazi Usukumani anajua wekundu ule ulitoka wapi. Nchi hii ilifyekwa miti, kwanza kwa kuwafukuza mbung'o, kisha kwa ajili ya mashamba ya pamba na malisho. Kuni zikawa adimu. Bibi akapikia kinyesi kikavu cha ng'ombe na miti ya pamba, ndani ya kibanda kisicho na dirisha, kwa miaka arobaini au hamsini. Moshi ule ulimchoma macho kila siku. Ulikuwa ugonjwa, na msaada aliouhitaji ulikuwa jiko sanifu, dirisha na dawa ya macho. Walioona uovu machoni mwake walimjia na panga.

Nimeanza na bibi zetu kwa makusudi. Katika barabara itokayo Shinyanga kwenda Geita kuna macho mengine mekundu, ya vijana na hata ya akina mama wenzetu, yaliyoletwa na bangi, gongo na unga. Nayo pia jamii imezoea kuyaita uovu, na jambo la kwanza linalofikiriwa ni viboko, pingu na jela. Karibu tusafiri pamoja, mpendwa msomaji, tutazame jambo hili kwa macho ya mama na ya muuguzi.

KAHAMA, KWA WAZEE WA SUNGUSUNGU

Tulikuwa akina mama watano wa umoja wa wanawake wa kanisani kwetu, katika Hiace ya kukodi, tukiwa na mashine ya kupimia presha, vipimo vya sukari na katoni mbili za sabuni. Tulitoka Shinyanga mjini alfajiri. Njiani tulipita penye ngitili, yaani sehemu za miti na majani ambazo wananchi huzihifadhi. Nyingi zilirudishwa baada ya mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kuanza mwaka 1986. Inapendeza kuona nchi iliyokuwa uchi ikianza kujifunika tena.

Tulipofika Tinde tukakata kwenda Isaka. Hapo pana bandari kavu, ambapo mizigo iliyotoka Dar es Salaam kwa reli hupakiwa katika malori yaendayo Rwanda na Burundi. Penye malori na fedha za haraka hapakosi watu wa kuuza kila kitu. Kutoka Isaka si mbali kufika Kahama, mji wa mchele na dhahabu ambao umekua upesi kuliko mabomba yake ya maji.

Kahama na Shinyanga ndiko lilikozaliwa jeshi la jadi la Sungusungu, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi, basi wazee wakajipanga kwa filimbi, pinde na mishale, na wezi wakapungua kweli. Sifa hiyo hawezi kunyang'anywa mtu. Katika kijiji kimoja tulichopumzika, mzee mmoja wa Sungusungu alinisogelea baada ya kupima presha.

"Sista," akasema, "mwizi wa ng'ombe ukimchapa akaumia, anaogopa, anaacha. Lakini huyu wa bangi na gongo nimemchapa mara tatu, tumempeleka polisi, amefungwa, amerudi. Wiki ile ile yupo pale pale. Sijui ana nini."

"Ana ugonjwa, mzee wangu," nikamwambia.

Hakukubali mara moja. Alikaa kimya, kisha akasema kwamba kijana huyo ni mtoto wa dada yake.

Jibu langu halikuwa la kumpendeza mzee. Matumizi ya muda mrefu hubadilisha namna ubongo unavyofanya kazi. Mtu huanza kwa hiari, lakini baada ya kuzoea, mwili humdai. Ndiyo maana adhabu inayomzuia mwizi haimzuii yeye: maumivu ya fimbo ni ya saa moja, na dai la mwili lipo mchana na usiku.

KAKOLA: KIKOHOZI KILICHOFICHWA

Kutoka Kahama tulielekea kaskazini hadi Kakola, karibu na mgodi mkubwa wa Bulyanhulu ulioanza uzalishaji mwaka 2001. Nje ya uzio wa mgodi kuna maisha mengine, ya wachimbaji wadogo. Shimo lao huliita duara. Ni jembamba, linashuka wima makumi ya mita, na kuta zake zimezuiwa na magogo. Kijana hushuka kwa kamba akiwa na tochi kichwani. Mawe yanayopandishwa husagwa kwenye karasha, kisha unga wake huoshwa katika mialo na dhahabu hukamatwa kwa zebaki. Akina mama wapo kila mahali: wanaponda mawe, wanaosha, wanapika, huku watoto wakiwa mgongoni katikati ya vumbi.

Niliwauliza vijana kwa nini wanavuta bangi kabla ya kushuka. Hawakuona haya kunijibu. Mmoja alisema inaondoa woga. Mwingine alisema bila bangi hawezi kukaa chini saa nane akikumbuka wenzake waliofukiwa. Niliwaeleza kwamba bangi humwondolea mtu woga pamoja na uangalifu, na chini ya ardhi uangalifu ndio unaomrudisha mtu juu. Hata hivyo nilielewa. Mtu aliye mbali na mkewe, anayelala chini ya turubai, asiyejua kama jioni atapandishwa akiwa hai, anatafuta cha kumtuliza.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi alinivuta pembeni. Mumewe alikuwa anakohoa kwa miezi minne, amekonda, na usiku anatoka jasho la kulowesha shuka. Wanalala chumba kimoja yeye, mume na watoto watatu. Nikamwuliza kwa nini hajampeleka kituo cha afya.

"Sista, si watamkamata? Ananuka bangi hata akioga."

Akina mama wenzangu, hapo ndipo jambo lote lilipo. Kazi ya mgodini humjaza mtu vumbi la mawe mapafuni, na mapafu yaliyochoshwa na vumbi hushikwa upesi na kifua kikuu. Kifua kikuu kina dawa nzuri, hutolewa bure, na mgonjwa wa kawaida hutibiwa kwa miezi sita. Lakini mgonjwa anayeiogopa hospitali kama anavyokiogopa kituo cha polisi hubaki nyumbani, akiwakoholea mkewe na watoto. Hofu ya pingu haikumfanya baba yule aache bangi. Ilimfanya aache hospitali tu.

Nilimweleza mama yule kwamba muuguzi amefundishwa kutunza siri ya mgonjwa, na kazi yake ni kutibu anayekuja, awe amevuta au hajavuta. Jioni ile mumewe alikuja mwenyewe. Makohozi yake yalipopimwa yalionekana kuwa na vijidudu vya kifua kikuu. Alianzishiwa dawa, na watoto wakachunguzwa na kupewa dawa za kuwakinga. Bangi hakuiacha siku ile. Aliipunguza baadaye, alipokuwa anakuja kuchukua dawa na kukaa kuzungumza na mtu asiyemtukana.

Niseme neno pia juu ya gongo, kwa sababu wengi hudhani ni jambo la kucheka. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, anaweza kutetemeka, kuanguka kifafa, kuona vitu visivyokuwepo na hata kufa. Mtu wa namna hiyo akitupwa mahabusu bila daktari, hatari yake ni kubwa kuliko hata alipokuwa kilabuni. Aachishwe, ndiyo, lakini aachishwe akiwa chini ya uangalizi wa hospitali. Na gongo iliyotiwa spiriti ya viwandani hupofusha macho na huua, kwa hiyo anayelalamika kwamba haoni vizuri baada ya kunywa akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

GEITA: UNGA UNAPOINGIA NYUMBANI

Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza hadi mwaka 2012 ilipofanywa mkoa. Mgodi wake mkubwa wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000, na tangu hapo mji umejaa mabenki, gereji na nyumba za wageni. Watu wamekuja kutoka kila pembe, na baadhi yao wamekuja na heroini, ambayo vijana huiita unga. Si wengi kama wavuta bangi, lakini nyumba ambayo unga umeingia hutambulika. Vyombo vinatoweka kimoja kimoja.

Mama mmoja wa huko, mcha Mungu na mwimbaji wa kwaya, alinisimulia habari za mwanawe aliyejifunza unga alipokuwa utingo wa malori. Kwanza ilipotea redio, kisha masufuria, kisha vitenge vyake vya sikukuu. Mume akampeleka kijana polisi kwa mkono wake mwenyewe. Alifungwa. Aliporudi alikuwa amenenepa, akaomba msamaha, wakamchinjia kuku. Siku ya tatu wakamkuta chooni amezimia, midomo imekuwa ya bluu. Jirani mwenye bodaboda ndiye aliyemwahisha hospitali akapona.

Wengi walisema amelogwa. Mimi nilimweleza mama yule kilichotokea. Mwili uliozoea unga huvumilia kipimo kikubwa. Ukikaa miezi kadhaa bila unga, uvumilivu ule huisha, lakini hamu haiishi. Mtu akitoka gerezani akirudia kipimo chake cha zamani, kinaweza kumsimamisha pumzi. Kwa hiyo siku za kwanza baada ya kifungo, ambazo familia hudhani ni za usalama, ndizo za hatari kubwa. Jela ilimtenga kijana na unga kwa muda, lakini ugonjwa wake haukuguswa.

Aliyewahi kuuguza mtu mwenye arosto anajua ninachosema. Huanza kwa miayo na makamasi, vinyweleo vinasimama, tumbo linasokota, anaharisha, mifupa inauma, halali. Kwa saa chache za nafuu ataiba hata Biblia ya mama yake. Wizi ule ni mbaya na unaumiza, lakini chanzo chake ni mwili unaopiga kelele. Tukikitibu chanzo, wizi nao hupungua.

Kwa wanaojidunga kuna janga jingine. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam katika miaka ya 2000 ulikuta karibu watu wanne katika kila kumi wanaojidunga wana virusi vya UKIMWI. Mwaka 2005 zilichapishwa habari za wanawake wa jiji hilo ambao, kwa kukosa fedha ya unga, walijidunga damu ya mwenzao aliyekwisha kujidunga, wakitumaini kupata nafuu. Hao ni mabinti za watu, na wengine wao ni mama za watoto. Waliojificha vichochoroni kwa kuogopa kukamatwa ndio waliokuwa mbali zaidi na mtu wa kuwaonya.

KUVUKA DARAJA KWENDA MWANZA

Je, tiba ipo? Ipo, na safari yetu iliishia huko. Kutoka Geita tulipita Sengerema hadi Busisi. Zamani hapo ungesubiri kivuko, wakati mwingine kwa saa nyingi, hata ukiwa na mgonjwa. Tangu Juni 2025 kuna daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa zipatazo tatu, na tulilivuka tukiimba.

Katika Hospitali ya Sekou Toure jijini Mwanza kuna kliniki ya methadone. Dawa hii ni ya maji, hunywewa mbele ya mhudumu mara moja kwa siku, na hutolewa bila malipo. Inakaa mahali pale pale katika ubongo ambapo heroini hukaa, lakini inafanya kazi polepole na kwa muda mrefu, zaidi ya siku nzima. Arosto inatulia, hamu inapungua, na mtu hahitaji sindano. Anaweza kula, kulala, kufanya kazi na kusikiliza ushauri. Kabla ya kuanza hupimwa mkojo na kuulizwa historia yake, na huchunguzwa UKIMWI, kifua kikuu na homa ya ini. Wengine huinywa kwa mwaka, wengine kwa miaka, kisha kipimo hupunguzwa taratibu na daktari.

Tiba hii ilianzishwa New York katika miaka ya 1960 na daktari mwanamke, Marie Nyswander, pamoja na mwenzake Vincent Dole. Tanzania ilifungua kliniki yake ya kwanza Muhimbili mwaka 2011, ikiwa ya mwanzo katika nchi zetu za bara, kisha nyingine zikafuata hadi Mwanza kwetu. Mama mjamzito anayetumia heroini asiambiwe aache ghafla, maana mimba inaweza kuharibika. Methadone ndiyo salama kwake. Mtoto akizaliwa anaweza kusumbuka siku za kwanza, lakini hospitali inajua kumtibu, na kwa kawaida mama huruhusiwa kumnyonyesha.

Shida kubwa kwa watu wa Geita na Shinyanga ni umbali. Dawa ni ya kila siku, na kutoka Geita hadi Mwanza ni zaidi ya kilometa 100. Mama yule wa kwaya alipiga hesabu mbele yangu. Faini, dhamana na nauli za kwenda gerezani zilikuwa zimekula ng'ombe wawili. Akaamua ng'ombe wa tatu alipe kodi ya chumba Mwanza, na dada yake akakubali kumsimamia kijana. Nilipopata habari zake mara ya mwisho alikuwa ananywa dawa na anaosha magari. Ni mwanzo tu, na mama anajua hivyo.

JE, HII SI KUFUGA UHALIFU?

Swali hili huulizwa kila ninapozungumza na akina baba wa kanisa, na ni la haki. Jibu langu ni kwamba anayeuza na anayeugua si mtu mmoja. Mfanyabiashara wa unga anayejenga ghorofa kwa machozi ya wazazi, dola imshughulikie. Lakini kijana aliyekutwa na msokoto mmoja au kete moja tukimweka chumba kimoja na majambazi, tunamsomesha.

Serikali yetu yenyewe imeshika pande zote mbili. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza matumizi, lakini mamlaka iliyoundwa chini ya sheria hiyo inashirikiana na Wizara ya Afya katika kliniki za methadone. Ureno ilikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2001 anayekutwa na kiasi kidogo cha matumizi yake hapelekwi mahakamani, bali mbele ya kamati ya wataalamu inayoweza kumwelekeza kwenye tiba, huku biashara ikibaki jinai. Maambukizi mapya ya UKIMWI kati ya wanaojidunga nchini humo yalipungua sana.

Yule Msamaria katika Injili hakumhoji majeruhi kwa nini alipita peke yake katika njia mbaya. Alimfunga majeraha, akampeleka nyumba ya wageni, akalipa gharama. Waliopita kando walikuwa watu wa dini.

MAMA, UFANYE NINI?

Ukigundua mtoto au mume anatumia, usipige kelele mtaani. Chagua saa ambayo hajalewa, mwulize anatumia nini, tangu lini na kwa njia gani. Majibu hayo ndiyo daktari atakayoyataka.

Mpeleke kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na useme ukweli wote. Kwa heroini, omba rufaa ya kliniki ya methadone. Kwa bangi hakuna dawa ya kumeza ya kuiondoa. Tiba yake ni ushauri wa kurudiwa mara nyingi, na akianza kusikia sauti au kushuku kila mtu, aonwe na wataalamu wa afya ya akili. Kwa gongo, usimkatishe ghafla nyumbani.

Funga fedha na vitu vya thamani bila matusi. Usimpe pesa mkononi, mpe chakula. Akirudia baada ya kuacha, usiseme yote yamepotea. Wagonjwa wa kisukari na presha nao huteleza, na hatuwafukuzi. Ukimkuta amezimia na anapumua kwa shida, mlaze ubavu na umkimbize hospitali. Usiogope kuulizwa.

Nasi wa umoja wa wanawake tuwe na mfuko mdogo wa nauli kwa ajili ya familia hizi, kama tulivyo na mfuko wa misiba. Kwetu tumeanza kwa shilingi elfu moja kila mama kwa mwezi. Mwezi wa kwanza ulitosha kumpeleka mgonjwa mmoja na mama yake Mwanza, na kuwarudisha mama na kikapu chake kitupu cha chakula.